Jioni ya Vitwitwi

Kitinda alikuwa amesema ndiyo jana yake kabla ya kulala, na kulipokucha nyumba nzima ilikuwa imeshalidaka lile neno na kukimbia nalo. Mama yake alikwisha kushusha mapazia ya sebuleni ayafue. Alikuwa akiimba kwa puani, sauti ambayo haikuwa imesikika mle ndani tangu msiba. Kitinda alisimama jikoni na kikombe cha chai iliyopoa, na kila alipotaka kusema, "Mama, hebu subiri kidogo," alikunywa funda jingine badala yake.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Kwenye duka la miwani, alikofanya kazi ya kusaga na kupachika lenzi, walimwita Fundi. Mtu mmoja tu hakumwita kwa lolote kati ya hayo. Huyo alimwita "wewe", na kwa jinsi alivyolitamka, Kitinda hakuona haja ya jina jingine.

Mambo yalikuwa hivi. Dada yake mkubwa aliugua, wakahangaika naye, na mwisho akawatoka, akaacha mume na binti mdogo. Baada ya mazishi shemeji alifunga nyumba yake, akahamia kwa mama mkwe pamoja na mtoto, maana mwanamume mwenyewe alikuwa hajui hata nguo za shule zinawekwa wapi. Mtoto walimwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Usiku wa kwanza tu alibeba mto wake, akaingia kitandani kwa mama yake mdogo, na hakutoka tena. Alilala amemshika Kitinda sikio, na ukijaribu kuutoa mkono wake alikaza.

Sasa shemeji, ambaye alikuwa mpima ardhi, alikuwa amepata uhamisho wa kwenda kaskazini, mbali, mwendo wa kuchosha hata kwa gari zuri. Mwisho wa wiki angeondoka, na mwanawe angekwenda naye.

Mama hakuzunguka. Alimfuata Kitinda chumbani, akakaa pembeni ya kitanda, akamtazama mjukuu wake aliyelala, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshazika mmoja. Huyu naye akienda kulelewa na watu nisiowajua, mimi nitakuwa nimebaki na nini? Shemeji yako ni mpole. Humpendi, sawa. Mimi na baba yako tulianza kwa kupendana sana, na mwisho wake uliuona."

Kitinda alitaka kucheka, akashindwa. Aliusikia ule mkono mdogo kwenye sikio lake. Akamtazama mama yake, ambaye tangu msiba mabega yalikuwa yamemwanguka kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Ndiyo ikamtoka. Mama alilia, akamshika kichwa, akamwita mwanangu mara nyingi, na Kitinda akalala macho hadi alfajiri.

Kuhusu yule aliyemwita "wewe", mwanamume wa mabwawa ya chumvi, mama hakumtaja. Alikuwa ameshamtaja vya kutosha miezi iliyopita. Alisema harufu ya viatu vyake huingia sebuleni kabla ya yeye mwenyewe, na kwamba mtu mzima anayeshinda akizungumza na ndege, siku akikosa ndege atazungumza na ukuta.

Siku hiyo Kitinda hakuwa na zamu dukani, na Kidoti alikuwa ameahidiwa zamani kwamba atapelekwa kuona ndege kabla hawajasafiri. Basi alasiri alimvalisha sweta, akamfunga kamba za viatu, wakatoka.

Mabwawa ya chumvi yalianza pale mji ulipoishia, nyuma ya maghala. Kutoka mbali yalionekana kama vioo vya dirisha vilivyolazwa chini, kila kimoja na rangi yake, vikitenganishwa na matuta ya udongo ambayo mtu mmoja angeweza kupita juu yake. Maji ya bahari yaliingizwa bwawa la kwanza, yakasukumwa la pili, yakazidi kukolea mpaka la mwisho, ambako yalikauka na kuacha chumvi. Mwanamume aliyefungua na kufunga malango ya maji hayo aliitwa Nahodha na kila mtu pale kiwandani. Hakuwa na chombo, hata kibovu. Walimbandika jina hilo kwa sababu alizoea kusimama juu ya tuta, miguu kaitanua, darubini kifuani, akitazama mbali kana kwamba kuna meli itakayokuja kumgonga.

Darubini hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Aliileta dukani lenzi moja imepasuka, akaambiwa hawatengenezi vitu hivyo, akasema haidhuru, akaiacha mezani akaondoka. Kitinda aliitengeneza kwa wiki tatu, baada ya kazi, akimlaani mwenye nayo kimoyomoyo. Nahodha aliporudi kuichukua aliielekeza mtaani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akageuka na kuielekeza usoni pa Kitinda, hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Kitinda alimuuliza anaona nini kwa karibu hivyo. "Sioni kitu," alijibu. "Lakini nimepata sababu ya kusimama hapa." Huo ulikuwa mwaka jana, ndege walipokuwa wanawasili.

Safari hii Nahodha aliwaona kabla hawajafika langoni, akaja mbiombio juu ya tuta, uso umejaa furaha kiasi kwamba Kitinda aliangalia pembeni.

"Mmekuja siku yenyewe," alisema. "Upepo umegeuka. Sidhani kama ndege watalala hapa leo."

Akamnyanyua Kidoti, akamweka mabegani, wakafuatana hadi tuta la mwisho, penye benchi la ubao alilolipigilia yeye mwenyewe. Mbele yao bwawa la maji mafupi lilikuwa limefunikwa na ndege. Karibu wote walikuwa vitwitwi, wale ndege wadogo wa majini wenye miguu kama njiti za kiberiti, na kati yao walisimama sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Walikuwa wakila kama watu walioambiwa jiko linazimwa. Walidona tope, wakakimbia, wakadona tena, na walikuwa wamenenepa hadi wengine walikimbia kwa kuyumba. Vifua vyao, ambavyo miezi yote vilikuwa vya rangi ya majivu, vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu kama matofali. Kila baada ya muda kundi moja lilinyanyuka kwa kelele, likazunguka juu ya bwawa, likageuka kwa pamoja na kumeremeta, kisha likatua palepale.

Kidoti aliuliza kwa nini wanaruka halafu wanarudi. Nahodha alimweleza kwamba wanajipima na kuitana, kwa sababu hakuna anayetaka kuondoka peke yake. Kule waendako barafu inayeyuka, na watataga mayai huko.

"Na watoto wao?"

"Wale waliozaliwa mwaka jana wengi hawaendi. Wanabaki hapa hapa hadi wakomae."

Kidoti alifikiri. "Wanabaki na nani?"

"Wenyewe kwa wenyewe," alisema Nahodha, na alipouona uso wa Kitinda alijua kwamba hakupaswa kulisema hilo. Akamteremsha mtoto, akampa darubini, akamwonyesha jinsi ya kuegemeza viwiko kwenye ukingo wa lango. Kidoti akazama katika kutazama, akawasahau.

Wao wawili wakakaa kwenye benchi. Nahodha alimshika mkono, akauona una baridi, akauliza anaumwa nini.

"Nimemkubali shemeji," alisema Kitinda.

"Umemkubalia nini?"

"Kuolewa. Mama aliniuliza jana. Nikasema ndiyo."

Mkono wake haukuachiwa mara moja. Uliwekwa taratibu juu ya ubao, kama kitu cha mtu mwingine. Nahodha aliyatazama maji.

"Juzi ulikaa hapa hapa," alisema, "ukaniambia niache sigara kwa sababu unataka nizeeke."

"Najua."

"Wewe unamtaka?"

"Namtaka mtoto."

"Hilo silo nililokuuliza."

Kitinda alijaribu kumweleza. Alimweleza kuhusu sikio, kuhusu mama yake kuimba asubuhi, kuhusu dada yake ambaye siku za mwisho hakusema kitu ila alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye. Maneno yalimtoka vizuri, kwa maana alikuwa ameyapanga usiku kucha. Nahodha alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kudakia.

Alipomaliza, Nahodha alisema, "Hayo yote nayaelewa. Mtoto huyo nami nampenda, sijifanyi. Lakini wewe ni mtu mzima una ulimi. Ungekuja hapa ukaniambia neno moja tu, 'Tufanyeje?' Hilo tu. Ungekuwa umeniweka ndani ya shida yako. Sasa umekuja kunipa taarifa, kama jirani."

"Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema tumwombe baba yake. Ningesema tuhame tuwafuate. Ningesema upuuzi mwingi tu, lakini ningekuwa nimesema." Akasimama. "Hukutaka kunisikia, kwa sababu ungenisikia ungelazimika kuchagua. Mama yako amekuchagulia, umepumua."

Kitinda alihisi uso ukimwaka. Alimjibu kwa ukali kwamba ni rahisi kwake kusema, yeye asiye na mama wa kulia mbele yake wala mtoto wa kumshika usiku, yeye ambaye shida yake kubwa ni lango lililokwama. Hata kabla hajamaliza alijuta. Nahodha hakuwa na mama kwa sababu alikwisha kufa, na Kitinda alilijua hilo.

Wakasimama hivyo, kila mmoja na hasira yake, wasijue pa kuziweka. Ndipo mlango wa gari uliposikika nyuma ya maghala, na shemeji akaonekana akija juu ya tuta kwa uangalifu, na viatu vyake vya ofisini.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotakiwa kusema jambo zito. Alimsalimia Nahodha kwa mkono, akamwita ndugu yangu, akamwomba radhi kwa kuingia kazini kwake. Kisha akavua miwani. Nahodha alitaka kuondoka, lakini shemeji akamwambia abaki, maana jambo lenyewe linamhusu.

"Mama ameniambia leo asubuhi," alisema. "Nimezunguka na gari tangu saa hizo. Shemeji, nisamehe. Siwezi."

Kitinda alimkodolea macho.

"Siyo kwamba una kasoro," aliendelea. "Una sauti yake. Ukicheka jikoni, moyo wangu unaruka, halafu nakumbuka. Nikikuoa, nitakuwa nakumbuka hivyo kila siku hadi nife. Nawe utakuwa unanipikia huku unatazama dirishani. Mimi si kipofu, nimeona unavyorudi nyumbani siku ulizotoka huku. Ilinipasa nizungumze mapema. Nimenyamaza kwa sababu nyumba ya mama ni nzuri, na mtu akiwa na huzuni anakuwa mvivu."

Hayo yalikuwa maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kumsikia akisema. Kitinda alitafuta ndani yake ahueni, akaikuta, halafu akaona kilichofuata: mtoto angeondoka bila yeye.

"Basi niachie Kidoti," alisema. "Hadi akue kidogo. Nitakuletea kila likizo."

"Hapana."

"Shemeji, nakuomba."

"Ni mwanangu," alisema shemeji. "Mama yake amekwenda. Nikimwacha huyu naye, mimi nitaamka asubuhi niitwe nani? Dada yangu yupo kule, ana watoto, atacheza nao. Likizo atakuja kwenu, hilo naapa. Lakini hatutangoja mwisho wa wiki. Tunaondoka kesho asubuhi. Nikikaa zaidi, mama atalia, nitakubali, na tutaharibika sote."

Alimwita mtoto. Kidoti alikuja akikimbia, akamrudishia Nahodha darubini kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akauliza mama mdogo anakuja? Kitinda akamwambia atangulie na baba, anakuja sasa hivi. Waliondoka juu ya tuta, yule mrefu akiwa ameinama upande mmoja ili mkono wake umfikie mtoto.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mapaa ya maghala. Kitinda na Nahodha walibaki na benchi kati yao.

"Kwa hiyo kakukataa," alisema Nahodha.

"Ndiyo."

"Na kama asingekukataa?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Jibu lilikuwepo mdomoni, tamu, na Nahodha mwenyewe alikuwa akilisubiri. Aliliona hilo katika jinsi alivyozuia pumzi.

"Ningeenda naye," alisema. "Ningekwenda, na ningekuwa nakuwaza huko kila siku, lakini ningekwenda. Sitaki kukudanganya."

Nyuma ya Nahodha bwawa zima lilinyanyuka. Vitwitwi waliondoka kwa vishindo, kundi juu ya kundi, sululu wakawafuata kwa milio yao mirefu, na safari hii hawakuzunguka. Walipanda, wakajipanga mistari iliyokuwa ikipinda na kujinyoosha, wakapita juu ya vichwa vyao wakielekea kaskazini. Nahodha alikuwa amewangojea msimu wote. Alikuwa amewapa mgongo, macho yake yapo kwa Kitinda, na hakugeuka hadi mlio wa mwisho ulipopotea.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye. "Usiku wa leo ni wa mtoto."

"Na sisi?"

"Sijui. Nashukuru hukunidanganya. Lakini inauma vilevile, na mimi sijui kusema haiumi."

Akachukua koleo lake, akateremka upande wa pili wa tuta.

Usiku huo Kitinda alilala amekumbatia mgongo mdogo, na sikio lake likashikwa. Asubuhi gari lilipopakiwa, Kidoti alikuwa nusu usingizini, akadhani ni matembezi, akapunga mkono. Mama alisimama mlangoni hadi gari lilipopinda kona. Hakulia. Aliingia ndani, akayakuta mapazia yamekunjwa mezani, yamekauka, akayasukuma chini kwa kiganja.

"Ni wewe uliyemfukuza," alisema. "Ungeachana na yule mtu wa chumvi mapema, mkwe wangu asingeona kitu cha kukataa."

Kitinda aliinama akayaokota mapazia, akaanza kuyatundika, moja baada ya jingine, na huku mikono yake ikiwa juu na mgongo wake kwa mama, ndipo akapata nguvu za kusema. Alisema anampenda yule mtu. Alisema jana alimkosea sana, na sasa anakwenda kwake, hata kama hatapokewa, na alitaka mama ayasikie kutoka kwake, asiyasikie mtaani. Alingoja atukanwe. Mama aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, na ufunguo ukasikika ukizungushwa.

Mabwawani maji yalikuwa yametulia, matupu. Nahodha alikuwa amekaa kwenye benchi, suruali imekunjwa hadi magotini, tope likimkaukia miguuni. Alimwona akija tangu mbali, wala hakusimama.

"Jana nilikuja kukupa taarifa," alisema Kitinda alipofika. "Leo nimekuja kuuliza. Tufanyeje?"

Nahodha alikwangua tope gotini kwa ukucha.

"Mtoto ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alilia?"

"Hapana. Hakujua."

Alitikisa kichwa polepole, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia chumvi. "Mama yako anajua uko hapa?"

"Nimemwambia. Amejifungia chumbani."

"Basi jioni tutakwenda wote wawili," alisema Nahodha. "Tutakaa nje ya mlango huo hadi afungue. Akinitukana, nitatukanwa. Lakini mimi na wewe bado, usidhani nimesahau."

"Sidhani."

Hakumwambia "karibu". Alisogea tu kwenye ubao, akamwachia upande usio na upepo.